Bei ya Mafuta Ikianguka, Benki Hutikisikaje? Somo Kutoka Nigeria

Bei ya mafuta duniani ikishuka, sisi huku Kenya huwa tunashukuru. Petroli inapungua shilingi kadhaa, nauli ya matatu angalau inatulia, na mwenye jenereta ya kinyozi anapumua kidogo. Lakini kuna nchi ambako habari hiyo hiyo huleta kilio. Nigeria, Angola, Saudi Arabia na Azerbaijan huuza mafuta ghafi. Kwao, bei ikianguka ni kama mshahara wa nchi nzima umekatwa.

Sasa hapa ndipo swali linapoanza. Mshahara wa serikali ukikatwa, benki inaguswa vipi? Benki haichimbi mafuta. Wateja wake ni walimu, mafundi, wenye maduka na wakulima. Ilikuwaje basi mwaka wa 2009, miezi michache tu baada ya bei ya mafuta kuporomoka, Nigeria ikalazimika kuokoa benki nane?

Na unaweza kuuliza: mimi natumia simu tu kutuma pesa, hayo ya benki za Nigeria yananihusu nini? Yanakuhusu. Salio unaloliona kwenye simu yako limehifadhiwa benki. Kwa hivyo kujua kinachofanya benki iyumbe ni kujua usalama wa pesa zako mwenyewe. Twende polepole.

Kwanza: benki inafanya nini na pesa yako?

Ukiweka pesa benki, haziwekwi kwenye sanduku lenye jina lako. Benki inabaki na kiasi fulani mkononi, na nyingine inakopesha watu wengine ili ipate riba. Hiyo ndiyo biashara yake.

Tuchukue mfano rahisi. Tuseme benki imekopesha shilingi 100. Kati ya hizo, 90 ni za wateja kama wewe, na 10 ni za wenye benki, yaani mtaji. Mikopo ya shilingi 4 isipolipwa, hasara wanaibeba wenye benki, na mtaji unabaki 6. Wewe hata hutajua. Lakini mikopo ya shilingi 15 isipolipwa, mtaji wote umekwisha na shilingi 5 za wateja zimeguswa. Hapo benki imefilisika, hata kama milango yake bado iko wazi na karani anakuchekea.

Kuna hatari ya pili. Benki inaweza kuwa na mikopo mizuri kabisa, ila wateja wengi wakaja kutoa pesa kwa wakati mmoja. Mikopo ya miaka mitano huwezi kuidai irudishwe leo saa nane mchana. Benki inakwama kwa kukosa pesa taslimu.

Weka hayo mawili kichwani: mikopo isiyolipwa, na pesa zinazotoka haraka. Bei ya mafuta ikianguka, yote mawili hutokea pamoja.

Nigeria, 2008: kutoka dola 147 hadi chini ya 40

Julai 2008 pipa moja la mafuta ghafi lilifika karibu dola 147. Kufikia Desemba mwaka huo huo lilikuwa limeshuka chini ya dola 40. Miezi mitano tu. Nchi inayotegemea mafuta kwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje, fikiria ilivyojisikia.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa moto. Mwaka wa 2004 Benki Kuu ya Nigeria iliamuru kila benki iwe na mtaji wa angalau naira bilioni 25. Benki ndogo zikaungana au zikanunuliwa, na kutoka benki 89 zikabaki 25. Benki hizi mpya zilikuwa na pesa nyingi za kukopesha, na mafuta yalikuwa yakileta dola nyingi nchini. Pesa zikawa zinatafuta mtu wa kuzikopa.

Nyingi zilienda sehemu mbili. Ya kwanza ni soko la hisa: watu walikopeshwa ili wanunue hisa, na hisa zenyewe ndizo zikawa dhamana. Ya pili ni biashara ya mafuta. Nigeria huuza mafuta ghafi, lakini miaka hiyo ilikuwa ikiagiza kutoka nje sehemu kubwa ya petroli na dizeli iliyosafishwa. Wafanyabiashara wakakopa ili waagize mzigo kwa dola.

Bei ilipoanguka, sehemu zote mbili zilipigwa kwa pamoja. Soko la hisa la Lagos lilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake ndani ya mwaka mmoja, kwa hivyo dhamana ikayeyuka. Mwagizaji aliyekopa akanunua dizeli wakati bei iko juu, mzigo ulifika bei iko chini. Na naira nayo ikashuka, kutoka takriban 117 kwa dola hadi karibu 150, hivyo deni la dola likazidi kuwa zito.

Gavana mpya wa Benki Kuu, Sanusi Lamido Sanusi, aliingia kazini Juni 2009 na akaagiza vitabu vya benki vikaguliwe. Tarehe 14 Agosti aliwaondoa wakuu wa benki tano kwa siku moja: Afribank, Finbank, Intercontinental, Oceanic na Union Bank. Ukaguzi ulionyesha kwamba katika benki hizo tano, takriban naira 40 kati ya kila 100 zilizokopeshwa hazikuwa zikilipwa. Rudi kwenye mfano wetu wa shilingi 15. Hii ilikuwa 40.

Benki nyingine tatu zilifuata Oktoba. Kwa jumla Benki Kuu iliingiza naira bilioni 620 ili benki hizo nane zisifunge milango. Wateja waliendelea kupata pesa zao. Waliolia ni wenye hisa, hasa wa benki tatu ambazo serikali ilizichukua kabisa mwaka wa 2011. Na bili haikuishia hapo. Mwaka wa 2010 liliundwa shirika la AMCON ili linunue mikopo mibaya kutoka kwa benki, na tangu hapo benki zote, hata zile ambazo hazikukosea, zimekuwa zikitoa mchango kila mwaka kulipia uokoaji huo. Na unajua benki ikiongezewa gharama, mwisho wake nani hulipa.

Njia nne ambazo bei ya mafuta huingilia hadi benki

Mkasa wa Nigeria ukiuchambua, unaona njia nne. Njia hizi ziko karibu katika kila nchi inayouza mafuta.

*1. Pesa za serikali zinapungua benki.* Nigeria, kila mwezi mapato ya mafuta hugawanywa kati ya serikali kuu, majimbo na serikali za mitaa. Pesa hizo hupitia benki kabla hazijalipa mishahara. Mapato yakishuka, amana zinashuka, na wakati huo huo serikali inaanza kuchomoa akiba yake. Benki inabaki na mikopo ile ile lakini pesa za kuibeba ni chache.

*2. Mkandarasi halipwi.* Barabara, shule na hospitali nyingi katika nchi hizi hujengwa kwa pesa za mafuta. Mkandarasi alikopa benki akijua serikali italipa. Serikali ikichelewa miezi sita, mkandarasi anashindwa kulipa mkopo. Naye hamlipi msambazaji wa saruji, na mfanyakazi wake halipi kodi ya nyumba. Deni moja linazaa madeni mengine.

*3. Dola zinaadimika na sarafu inaanguka.* Mafuta ndiyo yanayoleta dola. Dola zikiwa chache, sarafu ya nyumbani inashuka, na kila aliyekopa kwa dola huku anapata mapato kwa sarafu ya nyumbani anaumia. Azerbaijan ndiyo mfano mkali. Mwaka wa 2015 ilishusha thamani ya sarafu yake, manat, mara mbili, Februari na Desemba. Aliyechukua mkopo wa dola mwanzoni mwa mwaka alimaliza mwaka huo akidaiwa karibu mara mbili kwa hesabu ya manat, ilhali mshahara wake ulikuwa ule ule. Mwaka uliofuata benki kadhaa zilipokonywa leseni.

*4. Dhamana inapoteza thamani.* Nyumba, viwanja na hisa hupanda wakati wa neema ya mafuta. Benki inaona dhamana ya milioni 10, inakopesha milioni 8. Neema ikiisha, dhamana inauzika kwa milioni 5. Hata benki ikinadi mali ya mdaiwa, haipati pesa zake zote.

Ona jambo moja hapa: kila njia peke yake benki nzuri inaweza kuimudu. Tatizo ni kwamba zinafunguka zote nne wiki moja, kwa sababu chanzo chake ni kimoja. Benki inaweza kuwa na wateja elfu wa biashara tofauti, ikadhani imetawanya hatari. Kumbe wote, mwalimu, mjenzi na mwenye hoteli, wanakula kutoka kwa pipa lile lile.

Mara ya pili: 2014 hadi 2016

Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Nigeria ikaingia tena kwenye shida.

Safari hii njia ya kwanza na ya tatu ndizo zilizouma zaidi. Mwaka wa 2015 majimbo mengi yalishindwa kulipa mishahara kwa miezi kadhaa, serikali kuu ikabidi iyasaidie. Mwaka huo huo serikali iliamuru mapato yake yote yahamishwe hadi akaunti moja katika Benki Kuu, ili kuzuia wizi na upotevu. Nia ilikuwa njema, lakini benki za biashara zilipoteza amana nyingi mno kwa mpigo. Upande wa sarafu, serikali iliishikilia naira karibu 197 kwa dola hadi Juni 2016, ilipoachilia ikaruka hadi zaidi ya 280. Mwaka huo uchumi wa Nigeria ulinywea kwa karibu asilimia 1.6.

Mikopo isiyolipwa ikapanda tena, kutoka takriban 5 kati ya kila 100 hadi zaidi ya 12. Julai 2016 Benki Kuu iliwaondoa wakurugenzi wa Skye Bank, na mwaka wa 2018 benki hiyo ikafungwa, mali na wateja wake wakahamishiwa benki mpya iliyoitwa Polaris.

Hata hivyo, mara hii hakukuwa na mporomoko wa benki nane. Sehemu ya sababu ni kwamba mikopo ya kununua hisa ilikuwa imebanwa baada ya 2009, na usimamizi ulikuwa mkali zaidi. Pigo lilikuwa zito, lakini nyumba ilikuwa imewekewa nguzo kadhaa.

Mbona wengine hawakuanguka?

Saudi Arabia iliona bei ile ile. Mwaka wa 2016 serikali yake ilichelewa kuwalipa wakandarasi, na wafanyakazi wengi wa kigeni wakakaa miezi bila mishahara. Amana benki zikakauka kidogo. Lakini katikati ya 2014 nchi hiyo ilikuwa na akiba ya zaidi ya dola bilioni 700. Kufikia mwisho wa 2016 ilikuwa imetumia karibu bilioni 200 kuziba pengo. Septemba 2016 benki kuu yake iliweka riyali bilioni 20 kwenye benki za biashara ili zipate pumzi. Riyali haikuanguka: imekaa 3.75 kwa dola tangu 1986. Hakuna benki kubwa iliyoporomoka.

Norway nayo iliweka sheria mwaka wa 1990 kwamba mapato ya mafuta yaende kwenye mfuko wa akiba, na ikaanza kuutia pesa mwaka wa 1996. Mfuko huo huwekeza nje ya nchi, hivyo mafuta yakishuka bei, kuna mapato mengine yasiyotoka kwenye mafuta.

Nigeria pia ilikuwa na akiba yake ya mafuta, Excess Crude Account. Mwishoni mwa 2008 ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 20. Kufikia katikati ya 2010 zilikuwa zimebaki chini ya bilioni 4. Basi bei ilipoanguka tena miaka minne baadaye, chungu kilikuwa karibu kitupu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa nchi za mafuta, akiba hiyo ndiyo inayoamua kama bei ikianguka utakuwa mwaka mgumu tu, au utakuwa mwaka wa benki kufungwa. Bei yenyewe hakuna anayeiamua peke yake. Kinachoamuliwa nyumbani ni kile kilichofanywa wakati wa shibe.

Hii inakuhusu vipi wewe uliye Kenya?

Kenya si muuzaji mkubwa wa mafuta. Yaliyogunduliwa Turkana mwaka wa 2012 bado hayajatufanya taifa la mafuta. Lakini kuna mambo matatu yanayotugusa moja kwa moja.

Kwanza, pesa kutoka Ghuba. Kama una dada, shangazi au kijana wako anayefanya kazi Riyadh, Doha au Dubai, mshahara wake uko karibu sana na pipa la mafuta kuliko wako. Miaka ya karibuni Saudi Arabia imekuwa miongoni mwa nchi zinazotuma pesa nyingi zaidi Kenya. Ukisikia bei ya mafuta imeanguka kwa muda mrefu, msipange ujenzi wote au karo yote kwa kutegemea pesa hizo peke yake. Hasa kama anafanya kazi kwa mkandarasi wa serikali.

Pili, baadhi ya benki zilizoko Kenya zina wenyewe Nigeria: UBA, Guaranty Trust na Access. Usiingiwe na hofu. Kila moja hapa ni kampuni ya Kenya, ina leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na lazima iwe na mtaji wake hapa. Shida ya mama kule Lagos si lazima iwe shida ya mtoto Nairobi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: utaratibu ni ule ule hata pasipo na mafuta. Mkandarasi wa kaunti asipolipwa, naye anashindwa kulipa mkopo wake. Mvua ikikosa, mkopo wa mkulima unayumba. Sisi wenyewe tuliona Imperial Bank ikiwekwa chini ya usimamizi Oktoba 2015, na Chase Bank Aprili 2016. Hizo hazikuangushwa na mafuta, lakini zilitukumbusha kwamba benki inaweza kufunga milango asubuhi moja.

Je, pesa zilizo kwenye simu?

Chini ya kanuni za mwaka wa 2014, kampuni ya pesa kwa simu haiwezi kuchukua salio lako ikafanyia biashara yake. Pesa za wateja wote huwekwa kwenye akaunti ya amana chini ya wadhamini, mbali na pesa za kampuni. Kampuni ikipata hasara, wanaoidai hawawezi kuzigusa. Na zikishakuwa nyingi, kanuni zinataka zigawanywe katika benki kadhaa, zisikae benki moja.

Unaona sababu? Ni somo lile lile la mafuta: usitegemee chanzo kimoja.

Mambo matano ya kufanya

- Jua kiwango cha bima. Benki yenye leseni ikifungwa, shirika la bima ya amana la Kenya, KDIC, hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Kabla ya Julai 2020 ilikuwa 100,000 tu. Ukiwa na zaidi ya hapo, au chama chenu kina zaidi, fikiria kugawa katika benki mbili.
- Soma mistari miwili tu ya hesabu za benki. Kila baada ya miezi mitatu benki huchapisha hesabu zake. Tafuta kiasi cha mikopo isiyolipwa na kiwango cha mtaji. Mikopo mibaya ikipanda kila robo mwaka huku mtaji ukishuka, uliza maswali.
- Usikope kwa sarafu usiyolipwa nayo. Mapato yako ni shilingi, mkopo wako uwe wa shilingi. Kumbuka Azerbaijan.
- Riba ya juu kupita kiasi ni onyo. Anayekuahidi faida kubwa mno kwa akiba yako huenda anaihitaji kuliko unavyodhani.
- Weka akiba wakati wa shibe. Mwezi wa mauzo mazuri, tenga kidogo kabla hujapanua biashara. Hata kama ni shilingi 50 kwa siku.

Nigeria haikuangushwa na dola 40 peke yake. Iliumia kwa sababu ya kile kilichokopeshwa na kile kilichotumiwa pipa lilipokuwa dola 147. Wewe hulindi bei ya mafuta, lakini unalinda mwezi wako mzuri. Mwezi huu ukiwa mzuri, tenga kitu leo kabla jioni haijafika.